Okot p'Bitek hakuwa mshairi tu

Mhariri,

Mimi ni kinyozi hapa Kondele na gazeti lako huwa nalisoma likiwa la jana, lakini hii barua imenikaa kooni. Juzi tulikuwa na kikao cha familia, mpwa wangu akasema anataka kusomea dini na visasili vya zamani, wazee wakacheka, mmoja akamuuliza sasa ukimaliza utakula jok, yaani mizimu? Mwingine akasema hiyo ni kusomea ushetani tu. Msichana wa watu akanyamaza.

Nikawauliza, na Okot p'Bitek wa Uganda je? Wakajibu ati huyo alikuwa mshairi. Sawa, Lawino, yule mke wa kwenye shairi lake, kila mtu anamjua, lakini yule jamaa wa Gulu alienda Uingereza 1956 na timu ya mpira ya Uganda akabaki huko kusoma, akapitia ualimu, sheria, mpaka anthropolojia pale Oxford, na alichokuwa akichimba ni dini ya kale ya Waluo wa kati, yaani Waacholi na Walango wa Uganda. Na mwisho wa miaka ya 60 alikuwa hapa hapa Kisumu, akifanya kazi upande wa masomo ya watu wazima ya chuo kikuu cha Nairobi, ile tamasha ya sanaa ya Kisumu ni yeye aliianzisha.

Kuna kisa chake huwa napigia wateja nikiwanyoa. 1911 mapadri Waitaliano waliuliza wazee wa Acholi, nani aliwaumba? Sasa lugha yao haina kuumba namna hiyo, swali likatoka nani aliwafinyanga. Wazee wakashangaa, mtu si chungu, mtu huzaliwa! Mapadri wakasukuma, mpaka mzee mmoja akakumbuka kuna Rubanga, jok anayepinda watu mgongo wakawa na kibyongo, labda huyo ndiye hufinyanga. Basi huyo ndio akafanywa Mungu muumbaji. Mteja mmoja alicheka hadi nikamkata kidogo, pole yake.

Oxford walikataa tasnifu yake, lakini 1971 kitabu chake cha dini ya Waluo wa kati kikatoka, Nairobi si ng'ambo.

Na hao wanaosema ushetani, Kit Mikayi pale Seme si watu huenda kuomba kwa yale mawe na wageni wanalipa kuingia? Nani atawaeleza historia yake?

Mhariri, kama mnajua mwalimu wa hii kozi mwambieni aandike kidogo wahitimu wake wako kazi gani, nitaikata hiyo ukurasa nimpelekee yule mzee wa jok.

Kinyozi, Kondele, Kisumu