Misaada ipimwe kwa matokeo

Mhariri,

Kila Mto Nyando unapofurika, misaada humiminika Ahero na viunga vyake, lakini ni nadra mashirika yanayoileta kuulizana nani amepeleka nini na wapi, hivi kwamba kijiji kilicho kando ya barabara kuu huweza kupata mara mbili ilhali kilicho ndani zaidi huambulia patupu.

Ajabu ni kwamba ushahidi kuhusu namna bora ya kutoa umekusanywa papa hapa magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za msingi huko Busia zilipewa dawa za minyoo kwa awamu, na watafiti wakaripoti kwamba utoro ulipungua kwa gharama ndogo, ingawa wasomi wangali wanabishana kuhusu ukubwa wa manufaa hayo. Huko Rarieda, kaya maskini zilitumiwa fedha kwa simu bila masharti yoyote. Utafiti haukuona ongezeko la matumizi ya pombe, kinyume cha walivyohofia wengi, bali mifugo na mapaa ya mabati yaliongezeka.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali, hatimaye ilianza kutumika Mei 2024. Kwa kuwa sasa tunayo, naomba kaunti zetu zitunze daftari moja la misaada lililo wazi kwa umma, nao wafadhili wadai kuonyeshwa kilichobadilika katika kaya zilizosaidiwa, badala ya kuridhika na idadi ya semina za hotelini, ambazo mjini Kisumu hazikosekani.

Msomaji,
Kisumu