Moyo wa mbwa usikilizwe kabla ya kupandisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanunuzi wa mbwa wa ulinzi hapa Mbeya swali ambalo wengi hatuliulizi: je, wazazi wa mbwa huyu wamepimwa moyo? Mtoto wa German Shepherd niliyemnunua Uyole alikuwa akihema kwa kupanda ngazi tatu tu, na daktari wa mifugo alipomsikiliza kifuani alisikia mvumo usiokatika, kama wa mashine. Mshipa wa damu ulio karibu na moyo, unaopaswa kuziba siku chache baada ya kuzaliwa ulikuwa bado wazi. Kasoro hiyo hurithiwa, na mzazi huweza kuonekana mzima kabisa. Muuzaji bado anampandisha jike yuleyule aliyemzaa mbwa wangu, tena, nasikia, amepandisha na bei. Wafugaji wawapeleke wazazi wote wawili wakapimwe moyo, nasi wanunuzi tudai cheti.

Mfugaji,
Uyole, Mbeya