Soma nyota kabla ya kufunga kadi

Mhariri,

Mtu wa Faza au Kizingitini akipata ujumbe kwamba kadi yake imekatwa shilingi 1,553 na jina asilolijua, hupanda boti alfajiri, akaja Amu, mjini Lamu, akakaa foleni ya benki, akafunga kadi na kurudi kwao jioni. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na aghalabu hakuna aliyemwibia. Mwezi unaofuata mkato ule ule unamfuata kwenye kadi mpya, naye anaapa kuwa mwizi yumo ndani ya benki. Kuna na yule aliyekatwa shilingi 130 na duka la nchi asiyoijua, akasema si kitu, hela ya mahamri. Huyu ndiye aliyestahili kukimbia, na ndiye aliyetulia.

Wote wawili wameponzwa na kutojua kuusoma mstari wa mkato kwenye taarifa ya benki. Jina la muuzaji hupewa nafasi ya herufi 22 hadi 25 tu, zinazozidi hukatwa, ndiyo maana majina hutoka nusunusu. Kitu cha kwanza kutafuta ni nyota, alama hii: *. Kilicho kabla ya nyota ni mpokeaji wa malipo. Kilicho baada yake ni muuzaji, bidhaa, au namba ya kumbukumbu. Mstari wa "GOOGLE *Google One" ni nafasi ya kuhifadhi picha na barua pepe. Ukiona "PAYPAL *", PayPal, huduma ya kulipia mtandaoni, ni mchukuzi tu, mzigo ni wa huyo anayefuata nyota. Na zile tarakimu 4029357733 zinazofuatia mara nyingi ni simu ya PayPal, si akaunti ya mtu. "PADDLE.NET*" na "FS *" huuza programu za kompyuta kwa niaba ya waliozitengeneza. "APPLE.COM/BILL" haina nyota kabisa, tena Apple huweza kukusanya manunuzi madogo kadhaa kwenye mkato mmoja, kwa hiyo usihangaike kutafuta kitu kimoja cha bei hiyo.

Herufi mbili za mwisho ni nchi. IE ni Ayalandi, NL ni Uholanzi, LU ni Luxembourg. Hazisemi mwizi yuko wapi. Zinasema kampuni inayopokea imesajiliwa wapi. Booking.com iko Amsterdam na Facebook ya upande wetu iko Dublin, hata kama chumba ulicholipia kiko Malindi na tangazo lako linasomwa Lamu.

Hapo kwenye Facebook ndipo watu wetu wanapochanganyikiwa zaidi. Wenye nyumba za wageni Shela na vijana wa safari za mashua hulipia matangazo msimu ukikaribia, kisha taarifa ya benki inakuja na mistari minne ya "FACEBK *" yenye viwango tofauti ilhali tangazo lilikuwa moja. Facebook haikati kwa tangazo wala kwa siku. Huacha deni lipande mpaka kiwango fulani, ikakata, ikaanza upya. Na kadiri unavyolipa bila matatizo ndivyo inavyokipandisha kile kiwango. Kiasi kilichobaki hukatwa tarehe ya hesabu ya mwezi, hata kama tangazo ulilifunga wiki iliyopita. Zile herufi na tarakimu kumi zinazofuata nyota ndizo namba ya kumbukumbu: fungua ukurasa wa malipo kwenye akaunti yako ya matangazo, uilinganishe herufi kwa herufi. Ikiwepo, deni ni lako. Isipokuwepo, kabla ya kumtafuta mwizi Ulaya muulize kijana uliyempa ukurasa akutangazie. Huenda kadi yako bado iko kwenye akaunti yake yeye, na sasa inatangaza biashara ya mwingine.

Halafu kuna hesabu isiyolingana. Tovuti ilisema dola 10, benki imekata shilingi 1,553, na mtu anajua dola ni shilingi 130 hivi. Tangu Aprili 2021 huduma za mtandaoni kutoka nje zinatozwa VAT hapa Kenya, asilimia 16, na bei inayotangazwa mara nyingi haijaihesabu. Dola 10 zimekuwa 11.60. Kwa 130 hizo ni shilingi 1,508. Benki nayo huongeza chake kwa kubadilisha fedha. Tuseme ni asilimia 3, ndiyo 45 iliyobaki. Nyingine huiweka ada hiyo kwenye mstari wake peke yake, pengine tarehe nyingine, pamoja na ushuru wa ada, nao ukaonekana kama mkato mwingine wa mtu mwingine. Duka likikurejeshea fedha, hubadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo, kwa hiyo zikirudi pungufu kidogo usishangae.

Tarehe pia zinadanganya. Ujumbe wa simu huja fedha zinapozuiliwa, yaani benki inapozitenga zikimngoja muuzaji. Mstari kwenye taarifa huandikwa muuzaji anapozichukua, labda siku mbili tatu baadaye. Zikizuiliwa na zisichukuliwe, hurudi zenyewe, mara nyingi ndani ya wiki, ingawa hoteli zinaweza kuchelewesha zaidi. "GOOGLE *TEMPORARY HOLD" ni hiyo: mara nyingi dola moja au pungufu ya kuhakiki kadi uliyoiandikisha punde tu. Na malipo ya kila mwezi yakikuta akaunti tupu, muuzaji hajasahau. Atajaribu tena baada ya siku kadhaa, na tena, mpaka siku mshahara unapoingia. Ndipo mtu husema mwizi alikuwa akiuvizia mshahara wake.

Sasa ile shilingi 130 ya yule mtu wa pili, isiyo na jina unalolijua, isiyo na risiti, na hukuandikisha kadi popote wiki hiyo. Mwizi wa kadi haanzi na fedha nyingi. Tarakimu za kwanza za kadi zinaitambulisha benki, kwa hiyo kompyuta inaweza kuzibuni zilizobaki kwa maelfu na kujaribu kila moja kwa malipo madogo kwenye duka dogo au tovuti ya michango. Inayokubali inauzwa au inatumiwa saa chache baadaye. Hata kadi ambayo haijawahi kununua kitu mtandaoni hupatwa na haya. Mkato wa namna hii usiulizie barua pepe kwanza. Funga kadi, kisha uulize.

Kwa mingine yote, anza kwenye barua pepe, na utafute kiasi cha dola, si cha shilingi, kwa sababu mara nyingi risiti haijui shilingi zako. Kama taarifa haionyeshi dola, tafuta jina lililo baada ya nyota. Waulize wa nyumbani. Simu ya mama ikiwa na kadi na mtoto ana mchezo, jibu liko hapo. Kisha ingia kwenye orodha ya usajili ndani ya Google Play au Apple, na sehemu ya malipo ya kujirudia ya PayPal. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Wengi hukwama hapa kwa sababu wana barua pepe tatu na wanatafuta kwenye isiyo yenyewe: usajili husitishwa kwenye akaunti ile ile iliyouanzisha.

Kubadilisha kadi nako si kusitisha. Mitandao ya Visa na Mastercard ina utaratibu wa kuwapa wauzaji namba mpya pale benki inapotoa kadi nyingine, ili malipo ya kujirudia yasikatike. Kwa hiyo yule wa Faza hakurogwa. Wala kutoletewa namba ya siri ya SMS si ushahidi wa wizi, maana malipo ya kujirudia huiomba mara ya kwanza tu. Lakini kama mtu alikupigia ukamsomea namba hiyo, kesi yako imedhoofika sana, na ni heri uiambie benki ukweli mapema.

Ukishaamini kuwa mkato si wako, huna haja ya boti. Funga kadi kwa programu ya benki au piga namba iliyo mgongoni mwa kadi. Usiitafute namba ya huduma kwenye Google, maana matapeli nao huziweka zao humo. Malalamiko yaandike: tarehe mbili, ya kununua na ya kukatwa, kiasi kwa dola na kwa shilingi, mstari wenyewe ulivyo, na nyota yake, na kile ulichokwisha kumuuliza muuzaji. Dai namba ya malalamiko. Kwa kawaida kanuni za mitandao ya kadi hutoa siku 120, lakini benki huweza kuweka muda wake mfupi zaidi kwenye masharti, basi usingoje mpaka mwezi wa tatu tangu mkato. Fedha zilizozuiliwa tu kwa kawaida hazilalamikiwi mpaka zichukuliwe. Na usikane ulichonunua kwa kuwa umekijutia: muuzaji hupata taarifa, na akaunti ya matangazo inaweza kufungwa katikati ya msimu.

Benki nazo zina lao. Ujumbe unaosema "KES 1,553" na nusu ya jina haumsaidii mtu. Ziandike kiasi cha fedha ya awali, kiwango kilichotumika, na ada iwe chini ya mkato wake, tarehe ile ile. Fomu ya malalamiko iwepo kwa Kiswahili, ijazwe kwa simu, mtu wa Kiwayu asilazimike kuvuka bahari kutia saini.

Mtunza hesabu za nyumba za wageni,
Langoni, Lamu