Iombeni Saa Yenu Waziwazi: Barua kwa Akina Mama Vijana wa Moshi

Wapendwa binti zangu, akina mama vijana wa usharika wetu na wa mitaa yote ya Moshi mtakaofikiwa na barua hii,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia juu ya jambo ambalo nimelisikia mara nyingi likisemwa kwa sauti ya chini, jikoni kwenye shughuli za watu au njiani tukitoka kwenye jumuiya, na ambalo hivi karibuni mmoja wenu alilisema mbele ya wote katika kikao cha wanawake. Alisema kwamba kabla ya kuolewa alikuwa akitunga nyimbo za kwaya, akiziandika kwa nota za sol-fa na kuzifundisha kwa sauti zote nne, na kwamba tangu apate watoto hajatunga hata ubeti mmoja. Kisha akauliza kama ni dhambi kwa mwanamke aliyejaliwa mume na watoto wenye afya kuendelea kuitamani kazi ile. Walio wengi walimjibu kwamba ashukuru kwa alichonacho. Mimi sikuridhika na jibu hilo, na kwa kuwa kikao kilikuwa kinaelekea kwenye michango ya harusi, ambayo katika mji huu haiachi nafasi ya jambo lingine kuzungumzwa, naomba nijibu kwa maandishi.

Kuitamani kazi ile si dhambi, wala hakupunguzi shukrani ya mtu kwa Mungu. Nimewatazama kwa muda mrefu, na naona kwamba watoto wanasingiziwa. Kinachokiua kipaji cha mama kijana ni kufichwa. Wengi wenu, pale mnapoifanya kazi hiyo, mnaifanya usiku wa manane baada ya vyombo kuoshwa na sare za shule kupigwa pasi, daftari mapajani na tochi ya simu mkononi, tayari kulisukuma chini ya mto mume akigeuka. Namjua mmoja anayetunga huku akichambua mchele: anaandika nota kwa penseli nyuma ya daftari la hesabu la mtoto, do hapa na sol pale, na asubuhi daftari linapohitajika, wimbo unakwenda shuleni na kurudi umepigwa mstari wa kalamu nyekundu. Jambo linalofanywa namna hiyo hakuna anayeweza kulilinda, kwa sababu hakuna anayejua kuwa lipo. Mtoto akilia linaachwa, mgeni akibisha hodi linaachwa, na kunapokucha mama amekosa ubeti na amekosa usingizi. Ndiyo maana ushauri wangu katika barua hii ni mmoja tu: iombeni saa yenu waziwazi, mchana, mbele ya watu wa nyumbani, ipangiwe siku na muda, na kila mtu ajue ni ya nini.

Najua hofu ya kwanza itakuwa ya kiimani, kwa kuwa tumelelewa tukiamini kwamba mama mcha Mungu hana haja yake mwenyewe. Someni tena. Yule Hana wa Biblia, mama yake Samweli, alipokwisha kumwachisha mwanawe ziwa na kumpeleka Shilo, alitamka utenzi mzima ambao tunao katika 1 Samweli 2, na sura hiyo hiyo inasema kwamba mwaka kwa mwaka alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea. Debora, katikati ya wimbo wake katika Waamuzi 5, anajiita mama katika Israeli, wala haonekani kudhani kwamba neno moja linalifuta lingine. Mariamu aliimba akiwa mjamzito, ugenini, nyumbani kwa Elisabeti. Na katika Kutoka 35, vifaa vya maskani, yaani hema takatifu la ibada, vinapokusanywa, wanatajwa wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao, wengine wakisokota singa za mbuzi. Walichokisokota walikileta mbele ya watu wote, na mistari michache baadaye Musa anasema kwamba Bezaleli amejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya ufundi. Ufundi, binti zangu, ndio unaotajwa pale pamoja na roho ya Mungu.

Ile Mithali 31 tunayosomewa kila sikukuu ya wanawake nayo hutumiwa vibaya, na hili nitalisema hata mbele ya mchungaji. Watu huupenda mstari unaosema kwamba taa yake haizimiki usiku, wakautumia kuwakeshesha wanawake. Hawausomi mstari wa 15, ambao unaonyesha kwamba mwanamke huyo alikuwa na wajakazi, ilhali ninyi mna ndoo na beseni. Hawausomi wa 22, ambao unamvika yeye mwenyewe kitani na zambarau, maana yake ni kwamba katika kufuma kwake kote hakujisahau. Wala hawaanzi mwanzo wa sura, panapoelezwa kwamba mfalme Lemueli alifundishwa maneno yake na mama yake.

Hofu ya pili ni ya kimila, kwamba mwanamke aliyeolewa Uchagani hawezi kusimama akasema anataka muda wake. Hapo nitawajibu kwa mila yenyewe. Bibi zetu huku Marangu, Machame, Kibosho na Old Moshi walipojifungua walikaa ndani kwa takriban miezi mitatu. Hawakwenda kukata majani ya ng'ombe wala kubeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Mama mkwe alihakikisha mtori na kitawa vimepikwa, na majirani walijua kwamba huyu yuko kwenye uzazi na hasumbuliwi. Muda ule ulijulikana, ulikuwa na mlinzi, na hakuna aliyemwita mwanamke huyo mvivu. Sheria ya nchi haiko mbali na hapo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaporudi kazini mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kama kiwanda kinaweza kumpa mama saa mbili za kila siku, sidhani kwamba nyumba ya vyumba vitatu pale Majengo itaanguka kwa saa moja ya Jumamosi.

Namna ya kuomba nayo ina adabu zake. Usimwombe mume siku ambayo umekasirika, wala usianze kwa kumhesabia yote unayomfanyia, kwa maana hapo utakuwa umefungua kesi, naye atatafuta utetezi. Mwambie kwa utulivu, baada ya chakula, kwamba kuanzia Jumamosi hii, saa nane hadi saa tisa, utakuwa unaandika au unashona, na kwamba watoto watakuwa naye. Kisha saa nane ikifika, keti, hata kama siku hiyo hakuna linalokuja, kwa sababu watu wa nyumbani hujifunza kwa kuona. Mama mkwe naye usimpite. Mweleze unachokifanya na umwombe akuombee. Sisi wakwe tuna sifa ya ukali, na kwa sehemu tunastahili, lakini mengi tunayoyapinga ni yale tuliyoyasikia kwa watu wengine. Mkwe aliyeshirikishwa ndiye atakayekaa mlangoni na kuwaambia watoto kwamba mama yao ana kazi.

Katika nyumba ninazozitembelea naona cherehani za miguu zilizogeuzwa meza: juu kimetandikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa imekaa ndoo ya maji ya kunywa na kikombe kilichofunikwa, na pale kwenye kanyagio pamepangwa viatu vya watoto. Anzeni kwa kuihamisha hiyo ndoo. Cherehani ikiwa wazi, na kitambaa kilichokatwa kikiwa juu yake, kila anayeingia atauliza, na kila utakayemjibu atakuwa shahidi wako.

Wapo wanaoniambia kwamba hata wakiipata hiyo saa, umri umekwisha kupita. Tuliosoma zamani tulifundishwa habari za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, na nazitaja mbele ya Walutheri wenzangu bila kusita ingawa yeye alikuwa Mwislamu wa Unguja. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akaolewa na kuzaa, na kazi iliyomlisha ilikuwa kuuza vyungu alivyofinyanga mama yake. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa na miaka 30 na kitu, na huko ndiko alikojifunza muziki. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri, akikaribia miaka 50. Inasimuliwa kwamba watu waliitambua sauti yake kwa namna alivyonadi vyungu barabarani. Wangewezaje kuitambua kama angenong'ona?

Mambo mawili kwa ufupi. Msikimbilie kuigeuza saa hiyo kuwa biashara. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake, kwa hiyo anayetaka kushona kwa ajili ya soko ajiunge na kikundi na afuate utaratibu. Ila saa ninayoizungumzia ni nyingine, na marejesho yakishaingia ndani yake itaacha kuwa yako. Na simu ikae chumba kingine, pamoja na makundi yake yote ya WhatsApp, likiwamo letu.

Linalobaki ndilo gumu zaidi. Wapo kati yenu wasio na mume wa kumwomba wala mkwe wa kumshirikisha: binti anayepanga chumba kimoja Pasua, anayeamka alfajiri kuwahi mitumba Kiboriloni na kurudi jioni na mtoto mgongoni. Kumwambia huyo ajipangie saa ni kumdhihaki. Saa yake haina budi kutolewa na mtu mwingine, na mtu huyo ni sisi bibi wastaafu wenye nguvu zetu, ambao kila Jumapili baada ya ibada ya pili tunabaki kwenye viti vya plastiki tukizungumza habari za misiba na mahari mpaka jua linapogeuka. Nimezungumza na wenzangu kadhaa, wamekubali, na wazee wa kanisa wameturuhusu kukitumia chumba cha Shule ya Jumapili. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutawashika watoto wenu humo hadi saa tisa alasiri, nanyi mtakaa ukumbini na daftari zenu, vitambaa vyenu na rangi zenu za batiki, ambazo tafadhali zisifike kwenye mazulia ya madhabahuni. Hakutakuwa na mchango, hakutakuwa na mgeni rasmi, na hakuna atakayekaguliwa. Atakayetaka kulala kwenye benchi alale, na natarajia kwamba Jumapili za mwanzo walalaji watakuwa wengi kuliko waandishi.

Yule aliyeuliza swali kikaoni namwomba aje na wimbo wowote aliouanza, hata kama una sauti ya kwanza peke yake. Mwalimu wa kwaya ameahidi kuwapo na kinanda chake. Kila mtoto aletwe na nepi za kubadilisha na uji wake, na asiyeruhusiwa karanga tuambiwe mapema, kwa sababu mmoja wetu hana kitu kingine cha kugawa mfukoni mwake.

Ni mimi bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Moshi