Nusu Saa Kabla ya Futari

Leicester, Uingereza
3 Machi 2024

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Ama baada ya salamu, barua zangu zote huendelea na "mimi huku ni mzima wa afya". Leo nimeliruka neno hilo. Nimeandika kwa mkono na kumpa mtu anayesafiri kwa sababu simu yako inashikwa na watoto, na ujumbe wa sauti hapo nyumbani husikilizwa na ukumbi mzima. Isome chumbani kwanza, halafu wewe ndiye utakayejua Mama aambiwe vipi.

Nina kifua kikuu. Usishtuke, dawa nakaribia kuzimaliza na simwambukizi mtu tena. Kiligundulika Oktoba. Nilikuwa nakohoa muda mrefu nikisingizia baridi ya ghalani, nikilala mchana nikitoka kazini naamka shuka limelowa, na nilipopandishwa kwenye mizani nilikuta kilo 54. Dawa nikaanza tarehe 16. Ile pesa ya bati uliyoniuliza Novemba, nikakujibu kwamba kazi zimepungua, sababu ndiyo hiyo. Niliambiwa nikae ndani wiki 2 nisije nikawaambukiza wenzangu, kisha mwili ukagoma wiki nyingine 3, na malipo ya mgonjwa ya kisheria huku yalikuwa pauni 109.40 kwa wiki. Kodi ya chumba iliyala yote. Matibabu yenyewe ni bure, hata kwa asiye na karatasi.

Mbona sikusema? Kwa sababu ya kikombe cha Ami. Unakikumbuka, kile cha bati chenye maua ya buluu, kilichokuwa kikitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Hakuna aliyemtamkia Ami neno baya. Kikombe tu kilikaa peke yake, na sisi watoto tulijua hatukigusi. Alipona, akarudi kazini, na kikombe kikabaki msumarini palepale. Kila nilipotaka kukupigia nilikuwa nakiona.

Basi nikueleze hizi dawa. Miezi 2 ya mwanzo ilikuwa vidonge 8 kwa mkupuo mmoja: vitano vikubwa vyenye dawa tatu ndani yake, viwili vya ethambutol, na kimoja cha vitamini B6 ili vidole visiingie ganzi. Ethambutol huweza kuharibu macho, kwa hiyo nilikuwa nasomeshwa herufi za ukutani na kuulizwa rangi, nyekundu ipi na kijani ipi, kama mtoto wa chekechea. Damu inatolewa kuangalia ini. Mkojo, jasho, hata machozi, vinageuka rangi ya chungwa. Fulana zangu nyeupe zote zina alama kwapani. Tangu Desemba vimebaki vidonge 3 kwa siku.

Mtu atasema, kumeza vidonge vitatu kuna kazi gani? Kazi ni tumbo tupu. Lazima nimeze nusu saa kabla ya chakula, au saa 2 baada yake. Sasa mimi naingia kazini saa nne usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikifika chumbani njaa inaniuma na usingizi unanivuta. Nikimeza, nusu saa ile siimalizi: nalala na nguo za kazi, naamka saa tano kichefuchefu kimenikaba, natapika maji matupu. Nikila kwanza, zile saa 2 zinanikuta usingizini. Nikisema nimeze saa nane mchana nikiamka, Jumamosi na Jumapili siko kazini, siku inageuka, na mimi na dawa tunapishana.

Lakini hayo yote niliyaweza, Dada. Kilichonishinda ni kupona. Kufika Januari kikohozi kilikuwa kimekwisha, nimefika kilo 61, napanda ngazi za ghalani bila kushika ukuta. Siku ya kwanza sikumeza kwa sababu niliunganisha shifti mbili. Ya pili sikukumbuka kama nimemeza au la, nikaona nisije nikazidisha. Ya tatu nilizitazama tu pale kwenye meza, nikazifunika na gazeti. Kuanzia hapo nililala kama mtoto. Chakula kikarudisha ladha. Nilifurahi hata mkojo uliporudia rangi yake, fikiria upumbavu huo.

Na ni huohuo mkojo ulionisema. Kliniki nesi alinipa kikopo kama kawaida, nikaenda, nikarudi nacho. Nesi wetu ni mama wa makamo kutoka Kerala, mpole, hapandishi sauti. Alikiinua kikopo dirishani kwenye mwanga, akakitazama, akakishusha. Manjano ya kawaida kabisa.

"Siku ngapi?" akaniuliza.

Nikasema mbili. Akanyamaza, akanyoosha karatasi zake zilizokuwa zimenyooka tayari. Nikasema tisa.

Hakunigombeza. Alivuta kiti akanieleza kwamba ile miezi 2 ya mwanzo huua vijidudu vinavyozaana kwa kasi, ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu upesi. Vinavyobaki ni vichache, vimelala, na dawa huvipata kimojakimoja vinapoamka. Ukikatiza, vilivyoionja dawa bila kufa vinaweza kuizoea, na hapo utatafutiwa dawa nyingine kali zaidi. Nilikuwa namsikiliza yeye lakini namwona Ami. Si ndivyo ilivyokuwa? Alichomwa sindano kila siku kwa miezi 2, akapata nguvu, akasema hawezi kukaa bure wakati wenzake wanakwenda dago la uvuvi Pemba. Vidonge akaviacha kwenye sanduku. Aliporudi alianza sindano upya, na pafu lake halikurudi kama zamani. Sisi tukasema Ami mkaidi. Nakuomba umwambie kwamba nimemwelewa.

Zile siku 9 zimeongezwa mwishoni. Nilikuwa nimalize 15 Aprili, sasa ni 24. Na tangu siku hiyo nameza mbele ya simu: naonyesha vidonge kiganjani, naweka mdomoni, nakunywa maji, nafungua mdomo na kuinua ulimi, kisha video inakwenda kwa nesi. Wiki ya kwanza nilijisikia kama mwizi anayepekuliwa. Nesi akaniambia nisione vibaya, huko kwetu Tanzania ndiko ulikotolewa mfano wa mpango wa kutibu kifua kikuu ambao ndani yake mgonjwa husimamiwa akimeza: daktari Karel Styblo alifanya kazi na mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1970, na Shirika la Afya Duniani likauchukua mfano huo likaueneza duniani. Mimi Mtanga naelezwa habari hiyo na mwanamke wa Kerala, Leicester. Nilicheka, yeye akadhani nalia.

Sasa Ramadhani hiyo inakaribia. Najua mgonjwa ana ruhusa, atalipa baadaye, na ingekuwa ile miezi ya vidonge 8 nisingefunga. Daktari ameridhia nijaribu, ila kilo zikianza kushuka niache. Tumepanga hivi: adhana ya magharibi nafungua kwa maji na vidonge, nakaa nusu saa, ndipo nile. Wenzangu wa hapa nyumbani, Wasomali wawili, watakuwa wameshika sambusa. Naiogopa hiyo nusu saa kuliko mchana mzima.

Ndipo nakuhitaji. Magharibi ya huku mwanzoni mwa mwezi ni kama saa kumi na mbili jioni, kwenu saa tatu usiku. Ukimaliza tarawehe nipigie. Usiniulize mengi, niulize tu kama nimemeza, kisha nipigishe soga mpaka nusu saa iishe. Ukitaka nitukane. Ukiweza mpe simu Ami naye aniulize.

Mama akiuliza kama atanitengea kikombe, mwambie nitakunywa na Ami.

Pesa ya bati natuma Ijumaa, nusu kwanza. Fundi asianze kupaua mpaka umeona mbao zake.

Nduguyo,
Athumani