Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi wa Kaunti ya Mombasa: kilo peke yake si hesabu ya samaki

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima. Tunakuandikia kuhusu daftari la kupimia samaki katika mabanda ya BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, hasa safu ambazo hujazwa kwa kubahatisha au huachwa wazi kabisa: wavuvi wangapi walikwenda baharini, kwa zana gani, wapi, na kwa muda gani. Bila hizo, kilo zote zinazopimwa kuanzia Bamburi hadi Likoni haziwezi kumwambia mtu yeyote kama samaki wanapungua.

Tuseme banda linapokea kilo 120 kwa siku kutoka kwa wavuvi 20. Miaka mitano baadaye linapokea kilo 150, na wavuvi wamekuwa 50. Anayesoma kilo ataripoti kwamba samaki wameongezeka kwa robo. Anayegawanya ataona kila mvuvi ameshuka kutoka kilo 6 hadi kilo 3.

Kugawanya nako kuna mitego yake. Lema, yaani mtego wa kikapu, hulala majini likimngoja tafi, ilhali mshipi huvua pale tu mvuvi aliposhika mkononi. Kwa hiyo lema lihesabiwe kwa idadi ya malema na masiku yaliyolala, na mshipi kwa saa. Ukivichanganya pamoja wastani wake hauna maana. Juya, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, lilipigwa marufuku nchini 2001, na popote linapoondolewa kilo hubadilika kesho yake, kabla samaki hawajapata hata nafasi ya kuzaana. Mtego mbaya zaidi ni mashine. Chombo kikifungwa mashine, mvuvi huacha kuvua ndani ya mwamba na kutoka nje, kwenye maji ambayo hayajachoshwa. Kilo zake hubaki zile zile, na daftari huonyesha utulivu huku ndani ya mwamba pakizidi kuwa patupu. Ndiyo maana tunasisitiza safu ya mahali.

Halafu kuna sufuri. Siku ambayo hakuna aliyetoka kwa sababu ya upepo wa kusi si sawa na siku waliyotoka wakarudi mikono mitupu. Ya kwanza ni nafasi wazi, ya pili ni sufuri, nazo zote mbili huandikwa kwa kistari kile kile.

Haya yanahusiana vipi na dunia? Umesikia takwimu ya asilimia 73, ya kushuka kwa makundi ya wanyama pori duniani. Imetoka katika ripoti ya 2024 ya WWF, shirika la uhifadhi, na Jumuiya ya Zoolojia ya London, iliyofuatilia makundi 34,836 ya spishi 5,495 kati ya 1970 na 2020. Wengi husema eti asilimia 73 ya wanyama wote wametoweka. Sivyo. Hiyo ni wastani wa mabadiliko ya kila kundi, uliokokotolewa kwa kuzidisha badala ya kujumlisha. Chukua makundi mawili: la samaki 1,000 limebaki 900, na la samaki 20 limebaki 5. Kwa jumla umepoteza samaki 115 kati ya 1,020, yaani kama asilimia 11. Lakini kundi la kwanza limebaki na 0.9 ya lilivyokuwa, la pili 0.25; zidisha upate 0.225, tafuta kipeuo chake cha pili upate 0.47. Kipimo kitasema kushuka kwa asilimia 53. Hakuna aliyedanganya, kila moja inajibu swali lake. Kasoro ya njia hii inajulikana: makundi machache yaliyoporomoka vibaya huweza kuvuta wastani wote chini. Tena sufuri huivuruga, kwa kuwa hesabu yake hupitia logi (logarithmi), na logi ya sufuri haipo, hivyo mfululizo wa hesabu za kundi wenye sufuri huongezewa asilimia 1 ya wastani wake katika kila mwaka. Ndiyo sababu kistari kisichoeleweka cha bandani huleta taabu mbali sana na banda lenyewe.

Ili mfululizo uingie katika kipimo hicho, masharti si magumu: spishi ijulikane, mahali pawe pale pale, njia ya kuhesabu isibadilike, na iwepo miaka isiyopungua miwili. Miwili ni kidogo mno. Kuanzia sita ndipo mkondo wa kweli huanza kuonekana. Wanaohesabiwa ni wenye uti wa mgongo pekee, kwa hiyo pweza, kamba na jongoo bahari hawamo, ingawa akina mama wa pwani wanawategemea. Sisi tungewahesabu vilevile.

Sharti la spishi ndilo linalotuangusha. Changu ni jina la samaki wengi, pono vivyo hivyo, na fungu likishaitwa "mchanganyiko" halirudi nyuma. Dawa ni rahisi: ubao mweupe wenye rula iliyochorwa pembeni, samaki alazwe ubavu, mdomo ukiguse kichwa cha rula, simu ishikwe juu yake wima kumpiga picha. Samaki 30 kwa zamu wanatosha. Wapimwe kabla ya kupasuliwa matumbo, na kikapu kilicholowa kipimwe kitupu kwanza, maana uzito wake huingia kwenye hesabu kila siku.

Chini ya maji, mstari wa mita 50 kwa upana wa mita 5 unatosha kuhesabia, mradi alama zake zisihamishwe. Hesabu ya kaskazi ilinganishwe na ya kaskazi. Wakati wa kusi maji huchafuka na samaki ambao hukuwaona si samaki ambao hawapo. Bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, lisilinganishwe na maji mafu, yakisogea kidogo tu. Mwaka wa kuanzia nao una uzito wake: matumbawe yetu yalipauka 1998, na mfululizo wa matumbawe unaoanza 1999 utaonyesha nafuu ambayo kwa kweli ni kurudi tu kutoka shimoni.

Kasa na ng'amba huhesabiwa kwa viota, lakini jike mmoja hutaga mara kadhaa kwa msimu, kisha huenda akapumzika miaka miwili au zaidi. Mwaka mmoja wenye viota vichache si msiba. Lazima asubuhi zilizokaguliwa zihesabiwe pia, kwani viota 12 vya asubuhi 60 si sawa na viota 12 vya asubuhi 200.

Tunajua hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986, iko chini ya KWS, shirika la taifa la wanyamapori. Mabanda ni ya kaunti, na hapo ndipo ombi letu lilipo. Daftari lichapishwe upya likiwa na safu za wavuvi, zana, mahali na muda. Karani wa kila banda alipwe kwa siku zile zile kumi za kila mwezi, zikigawanywa kati ya bamvua na maji mafu. Kila ukurasa upigwe picha siku hiyo hiyo, kabla haujalowa, na namba ghafi, si wastani, ziwekwe wazi kwa yeyote anayetaka kuzipakua. Tunaomba haya yawe tayari kabla ya kaskazi ijayo, hesabu ya kwanza ianze maji yakiwa maangavu.

Wako kwa heshima,
Sisi wahesabu samaki na kasa, Mombasa