Filamu za kilimo endelevu zituoneshe na jasho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu filamu za makala zinazohimiza kilimo endelevu. Sina ugomvi na lengo lake, wala sioni kosa kutumia picha na muziki kuwashawishi watu wautunze udongo. Mwaka 1936 serikali ya Marekani ilitumia njia hiyo hiyo, ilipotoa filamu iliyotengenezwa na Pare Lorentz kuhusu nyanda zilizogeuka vumbi baada ya nyasi zake kulimwa ovyo.

Kinachonisikitisha ni jinsi muda unavyofupishwa. Kamera inapita angani juu ya shamba lililopauka huku muziki ukiwa wa huzuni, kisha mara moja tunaletewa shamba lile lile likiwa kijani na ala zikipanda kwa furaha. Kati ya picha hizo mbili imepita miaka, pengine mitano au zaidi, na humo ndimo lilimo jambo ambalo mkulima anataka kulijua: mavuno yalipungua kiasi gani msimu ule wa kwanza alipoacha mbolea ya viwandani, palizi iliongezeka vipi alipoacha kutifua ardhi, na familia ilikula nini wakati udongo ukijirudi.

Chukua mashimo ya zai, ambayo Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso aliyaboresha na ambayo filamu ya mwaka 2010 ilimtangaza nayo duniani. Mashimo huchimbwa wakati wa kiangazi na kutiwa samadi. Mchwa huifuata, hutoboa ardhi iliyokakamaa, na mvua ikinyesha maji huzama badala ya kutiririka. Ni maarifa ya kweli, na mzee yule alistahili kila sifa. Hata hivyo, kuchimba hekta moja kwa mkono ni kazi ya mamia ya saa, na anayeianza bila kuambiwa hivyo ataiacha katikati, kisha atawaambia majirani kwamba kilimo hicho ni maneno matupu.

Takwimu nazo zina madhara yake zikitiwa chumvi. Filamu ya Cowspiracy ya mwaka 2014 ilieneza dai kwamba mifugo inasababisha asilimia 51 ya gesi zinazoongeza joto duniani, ilhali Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekadiria asilimia 14.5 mwaka 2013. Asilimia 14.5 ni nyingi, na ingetosha kabisa kumfanya mtazamaji afikiri. Anayegundua kwamba alipewa kubwa kupita kiasi hataamini tena hata lile lililo sahihi.

Ushawishi ninaouheshimu ni ule wa mabonge mawili ya udongo mkavu yanayotumbukizwa kwenye gilasi mbili za maji. La shamba linalotifuliwa kila msimu humeguka na kuyachafua maji. La shamba lililofunikwa kwa matandazo mara nyingi hubaki limeshikamana. Hapo muziki hauhitajiki, na mtazamaji anaweza kujaribu mwenyewe kwa udongo wake.

Nawaomba watengenezaji waingize hesabu za miaka ya mwanzo ndani ya filamu zenyewe, na vituo vya televisheni vinapozirusha vimwalike afisa ugani ajibu maswali ya wakulima papo hapo.

Msomaji wako